Wanane Mlangoni

Baridi ya mwaka ule ilitushinda hata sisi wa mji wa migodi wa Butte. Mbwa wa Dympna Shea alibweka Ijumaa nje ya mlango wa jikoni, sauti ikaganda palepale hewani, na watu wakaja kuisikia Jumanne jua lilipochomoza. Asiyeamini shauri yake. Lakini Jumapili ya mashindano ni Jumapili ya mashindano, na watu wa mlima ule hawajawahi kuacha karata kwa ajili ya theluji. Walitoka misani, wakakung'uta viatu kizingitini, wakajazana ndani ya baa ya Dympna, Kengele Tatu. Jina hilo lilitoka shimoni: kengele ikilia mara tatu, maana yake lifti ina watu, ipandishe taratibu.

Juu ya chupa za wiski kulikuwa na ubao uliojaa misumari. Enzi za migodi kila mchimbaji alikuwa na kibati chake cha shaba chenye namba. Asubuhi unakitoa ubaoni, unashuka nacho, jioni unakirudisha. Msumari ukibaki mtupu, kuna mtu bado yuko chini, na nyumba nzima haiketi kula. Migodi ilipofungwa, mume wa Dympna, marehemu sasa, aliununua ubao ule kwa bei ya kuni na kuweka desturi: atakayefika kwenye zawadi katika mashindano ya Januari atakitundika kibati chake, au cha baba yake, pale, Dympna atapiga kengele tatu, kisha mtu huyo atakaa kula pai za nyama pamoja na wenzake waliotundika. Zawadi zenyewe watu walizinywa zikaisha kabla wiki haijafika katikati. Kibati kilibaki. Wazee wakazoea kusema kwamba asiyetundika hajapanda bado.

Fintan Gilhooly alikuwa amekwisha panda, tena zamani, na kwa kelele nyingi. Shemeji yake, Toivo Kangas, hakuwahi.

Fintan alimwoa Aila, dada yake Toivo. Aila alipofariki, na mke wa Toivo naye akafuata, wagane hao wawili wakahamia nyumba moja ili waokoe kuni na kila mmoja apate mtu wa kugombana naye. Toivo alikuwa amemeza vumbi la mwamba tangu ujana, na sasa mapafu yake yalikuwa kama mifuko ya saruji iliyonyeshewa mvua. Alitembea akikokota mtungi wa oksijeni juu ya kigari cha magurudumu mawili, mrija puani, na akicheka ungedhani mtu anaburuta kabati kwenye sakafu. Daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya msimu wa kuvua samaki. Toivo akamjibu kwamba yeye alikuwa akipanga ya Januari tu.

Asubuhi ile, walipokuwa wakipakia gari, Toivo alisema, "Beba na mtungi wa akiba."

"Wa nini?" Fintan alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo. "Kila mwaka unatolewa kabla Dympna hajawasha oveni. Mtungi mmoja utakurudisha hapa nyumbani na bado utabaki na hewa ya kupigia filimbi."

"Mwaka huu nitakuaibisha, shemeji."

"Basi niaibishe kwa mtungi mmoja."

Wakacheka, mmoja kwa kelele, mwingine kama kabati. Mtungi wa akiba ukabaki barazani.

Kufikia saa tisa alasiri, meza zote zilikuwa zimekunjwa isipokuwa moja, na kwenye meza hiyo walikuwa wamekaa watu wanane. Zawadi zilikuwa za saba. Hapo ndipo wacheza karata wa Butte hupaita mlangoni, na hakuna mahali pabaya kama mlangoni. Mtu aliyenguruma tangu asubuhi, akifika hapo anakuwa kuku anayeatamia. Atatupa karata nzuri, atatupa na nzuri zaidi, mradi tu asiwe yeye wa kurudishwa nje baada ya kukaa siku nzima.

Fintan alilijua hilo kuliko sala zake. Alikuwa na kete nyingi kuliko wengine wote wakijumlishwa pamoja. Zilisimama mbele yake kama minara ya mgodi. Mtu mwenye minara kama hiyo mlangoni hahitaji karata. Anasukuma lundo mbele na kumtazama mwenzake machoni, na mwenzake, ambaye akijibu na kushindwa ndiye atakayekwenda nyumbani, anatupa. Kila mkono wa karata Fintan alikusanya madau ya lazima, yale ambayo watu wawili huweka kwa zamu kabla ya kugawiwa, kama mtu anayeokota mayai. Dau kubwa, dau dogo, kete hapa na kete pale, na minara ikazidi kurefuka.

Lakini mavuno hayo yalihitaji kitu kimoja: mlango uendelee kufungwa. Na mlango ulifungwa na Toivo.

Toivo alikaa kushoto kwa Fintan akiwa na kete tano tu, na juu ya kete hizo ameweka kibati chake cha shaba, kama wengine wanavyoweka sarafu au jiwe la bahati. Kila mmoja mezani alimtazama na kuwaza jambo moja: huyu anakufa sasa hivi, nisitangulie mimi. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu. Toivo alipokuwa hai, wote walikuwa waoga. Na waliposhikwa na woga, Fintan alikula.

Ndiyo maana, zamu ya Fintan kuweka dau kubwa ilipofika, na Toivo akasukuma kete zake zote tano katikati kwa kiganja, na wengine wote wakatupa, Fintan aliziangalia karata zake. Mfalme na malkia, wote wa kopa. Alitakiwa kuongeza kete tatu tu juu ya mbili alizokwisha weka. Hata mtawa angeongeza.

Akazitupa.

"Zako, shemeji."

Meza ikanong'ona. Zdenka Perusich, aliyekaa kushoto kwa Toivo, akaweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu. Zdenka alikuwa mjane mwenye mikono minene ya kukanda unga, na shingoni, kwenye uzi wa kiatu, alivaa kibati cha mumewe Ante. Ante alishuka asubuhi moja na hakupanda. Kibati kikaletwa nyumbani ndani ya bahasha. Desturi ilimruhusu mjane acheze kwa niaba, na Zdenka alikuwa amecheza kwa niaba hiyo mpaka nywele zikaota mvi.

"Huruma imekuingia lini wewe, Fintan?" akauliza. "Au umekula kitu?"

"Dympna!" aliita Lyle Penhallow kutoka upande wa pili. Lyle alikuwa mwenye nyumba ya mazishi, mtu wa tai nyeusi hata akienda kuvua samaki. "Hapa kuna watu wanabebana. Shemeji na shemeji. Tunaona kwa macho yetu."

Dympna akaja akifuta mikono kwenye aproni. "Fintan. Sheria unaijua. Kwenye nyumba hii hakuna kubebana."

"Nani ambebe huyu?" Fintan akasema. "Simbebi mimi. Namfuga."

Kicheko kikalipuka mpaka kwenye kaunta. Kisha kikazimika kimoja kimoja, kadiri kila mtu alivyoelewa kwamba yule hakufanya mzaha. Anamfuga ili awakamue wao. Dympna akamtazama kitambo, akatikisa kichwa, akarudi jikoni. Sheria haikukataza kufuga.

Toivo peke yake hakucheka. Alizipanga kete zake alizonusurika nazo, akarudisha kibati juu yake. "Ng'ombe naye hupewa hewa, shemeji," akasema kwa sauti ya chini.

Fintan akageuza macho. Toivo alikuwa amelivuta koti lake likafunika kichwa cha mtungi, na sasa akalifunua kidogo, upande wa Fintan tu. Mshale wa kipimo cha hewa ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kufuga." Toivo akavuta pumzi, akaishika, akaiachia kidogo kidogo kama mtu anayelipa deni kwa senti. "Nimepunguza koki. Hewa ikitoka kidogo kidogo itafika."

"Nitamwambia Dympna atume mtu nyumbani."

"Ukimwambia, atasimamisha mchezo na kunipeleka hospitali. Na mimi sitarudi hapa Januari nyingine, unajua na mimi najua. Usiseme neno." Akamshika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kama reli. "Ila maliza. Nitoe, au mtoe mwingine nitundike. Vyovyote. Lakini maliza, shemeji."

"Mzunguko mmoja tu."

"Mmoja."

Fintan alikusudia hivyo kweli. Ukimwuliza malaika aliyekuwa akihesabu siku ile, atakwambia Fintan alikusudia. Lakini aliyewahi kukaa na lundo kubwa mlangoni anajua lile tamu lake. Karata zinagawiwa, unasukuma, watu wazima wanainamisha vichwa. Mwalimu wa hesabu aliyemsahihisha maisha yake yote anatupa. Ndugu wawili kutoka mji wa Anaconda, mabishoo wa mikanda mipana, wanatupa. Kijana wa posta anatupa. Lyle, atakayemzika, anatupa. Mzunguko ukapita. Ukaja mwingine, na zamu ilipowafikia tena, Toivo akasukuma kete zake, na Fintan akatupa tena, safari hii bila hata kutazama. Toivo akapata tena za kulipia mzunguko, na zilipolipwa akabaki na tano zilezile. Hakumshukuru. Alikuwa ameacha kuzungumza ili asitumie hewa.

Dympna akagonga sufuria. "Madau yanapanda! Mara mbili!"

Sasa hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mlevi. Dau kubwa kete nne, dau dogo kete mbili. Kete tano za Toivo zisingemaliza mzunguko. Na Fintan akajisemea moyoni: vizuri, sasa kweli nitamaliza. Atakayejitokeza kwanza, nampiga.

Akajitokeza Lyle.

Labda alichoka. Labda mtu aliyezika nusu ya mji huona haya kuogopa kete. Alisukuma zote alizokuwa nazo kwa mikono miwili, akanyoosha tai. "Haya. Njoo unitoe, Fintan. Nimechoka kuonewa na mtu nitakayemvalisha suti."

Wote wakatupa. Fintan akainua pembe za karata zake. Jeki wawili.

Alijua, kama unavyojua harufu ya nyumba yako, kwamba Lyle hana jozi. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba usafiri barabarani. Fintan akijibu, yaelekea Lyle atatoka, mlango utafunguka, Toivo atainuka na kukitundika kibati. Karata zenyewe zilikuwa zimekuja kumpa njia, zimemwekea mkononi.

Na palepale wazo jingine likaingia, dogo, kama panya. Mlango ukifunguka, mchezo wa kuokota mayai umekwisha. Watu watakaa wima. Watamjibu. Ndugu wa Anaconda watamcheka. Mkono mmoja tu zaidi na dau jipya la kete nne, mikono miwili tu, na hakuna atakayemfikia tena mpaka mwisho. Lyle atajitokeza tena. Mtu aliyejitokeza mara moja hurudi.

Akazitupa jeki, uso chini.

Lyle akatoa pumzi kama tairi. Kisha, kwa ujeuri wa mtu aliyenusurika, akazipindua zake: ree na nne, za rangi mbili tofauti. "Angalieni! Nilikuwa maiti! Mimi maiti nazijua, na mimi nilikuwa maiti!"

Watu wakapiga meza kwa vicheko. Chini ya kelele hiyo, Toivo akainama.

"Umetupa jeki wawili."

"Zilikuwa saba na mbili," Fintan akadanganya.

"Mapafu yangu yamekufa," Toivo akasema. "Macho bado, shemeji." Akakitazama kibati chake, halafu ubao, halafu Fintan, na usoni mwake hamkuwa na hasira, bali alimtazama kama mtu anayesoma namba ya nyumba na kugundua kwamba amegonga mlango usio wake.

Mkono uliofuata, karata zake ziligawiwa, naye hakuzigusa. Zdenka ndiye aliyemwona. "Toivo? Zamu yako, baba. Toivo!" Kichwa kilikuwa kimeinama kama cha mtu anayesinzia kanisani, na midomo imekuwa ya rangi ya wino.

Viti vikaanguka. Dympna akapiga simu. Mtu akaligeuza koti, akauona mshale umelala kabisa, akapiga yowe, "Mtungi mtupu! Huu mtungi mtupu!" Fintan akafungua koki yote, akautikisa mtungi, akautikisa tena, kana kwamba hewa inaweza kushikana chini kama uji.

Watu wa gari la wagonjwa walifika wakiwa na theluji mpaka magotini. Wakamlaza, wakamvika kifuniko cha mpira usoni, na kifua kikaanza kupanda, kidogo, kwa shida. Macho yakafunguka. Yule mwanamke aliyekuwa ameshika mtungi mpya akauliza, "Nani ndugu yake? Mmoja apande naye."

Baa nzima ikamtazama Fintan.

Fintan akatazama meza. Kete tano, kibati juu yake. Kwenye nyumba ya Dympna mtu akiondoka, kete zake hazifi: kiti kinabaki, madau yanalipwa kutoka kwenye lundo lake, karata zake zinatupwa bila kufunguliwa, mpaka liishe. Kulikuwa na mikono michache kabla dau kubwa halijakifikia kiti kile. Katika mikono hiyo, akimtoa mtu mmoja tu, Toivo atakuwa amefika. Atampelekea habari hospitali, atambebea na pai.

"Nakuja nyuma yenu," akasema. Akamwinamia Toivo. "Umesikia, shemeji? Nakaa nikumalizie. Nitakutundikia, halafu nakuja. Dakika chache tu."

Toivo akainua kidole. Kilitoka chini ya blanketi, kikaelekea juu kidogo. Fintan aliona kinaelekeza ubaoni, akaitikia kwa kichwa. Zdenka, aliyesimama upande wa miguu, aliona vingine. Aliona kidole kile kinajikunja, kama unavyomwita mtu. Hakusema, wala hakuulizwa.

Mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia kama mdai, ukafungwa.

"Tunaendelea?" akauliza mmoja wa wale wa Anaconda, kwa aibu.

"Tunaendelea," Fintan akasema. "Gawa."

Akasukuma minara yake yote katikati bila kufungua karata. Yote. Ikaanguka kwa kishindo, kete zikabingirika mpaka kwenye vikombe. "Haya! Nani ananitaka? Sijaangalia hata karata!"

Wakatupa. Mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho.

Mkono uliofuata akasukuma tena. Wakatupa tena. Kiti kilikuwa kitupu, na watu wote mezani walikuwa wakihesabu kitu kilekile. Kwa nini mtu mzima ajitoe, na kuna kiti kinachokufa chenyewe?

"Lyle," Fintan akasema. "Ulisema umechoka kuonewa. Njoo basi. Njoo univalishe suti."

"Nilichoka nusu saa iliyopita," Lyle akasema, haangalii juu. "Sasa nimepumzika."

"Nina karata mbovu! Nakuapieni kwa kaburi la Aila, nina takataka!"

"Fintan!" Dympna akapaza sauti. "Hakuna kuomba. Cheza au nyamaza."

Mwalimu wa hesabu akakohoa. "Umetufundisha vizuri," akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko tusi. "Siku nzima umetufundisha kutupa. Tumefuzu."

Ikafika zamu ya Fintan kuwa wa kwanza kusema. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Baada ya hapo wengine wangekuwa wanatangulia kusema na yeye kufuata, na aliyekwisha tupa kabla yake hawezi kutolewa. Akasukuma zote. Karata za kiti kitupu zikatupwa. Zamu ya Zdenka.

Zdenka akaziangalia zake. Mkono wake ukapanda kwenye uzi wa shingoni. Kisha akazipindua mezani, wazi, malkia wawili, na kuzisukuma kwenye takataka.

"Malkia wawili, Fintan. Zitazame vizuri."

"Zdenka, dada yangu." Fintan akaegemea mezani. "Nusu ya mji huu ingekufa kwa karata hizo. Mimi nina takataka. Ni kwa ajili ya Toivo, unajua ni kwa ajili ya Toivo."

"Najua. Toivo alinichimbia theluji mlangoni tangu Ante alipokwisha, hakuwahi kuchukua hata kikombe cha chai." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Lakini mimi pia nina mtu chini. Wewe ulikuwa na ufunguo wa mlango mchana kutwa, ukauweka mfukoni unauchezea. Usije sasa kuniomba mimi nivunje ukuta."

Wengine wakatupa.

Mkono uliofuata wote walitupa kabla hajafikiwa. Kisha dau kubwa likakifikia kiti kitupu: kete nne zikatolewa chini ya kibati, watu wakatupa mmoja mmoja kuizunguka meza, na aliyebaki na karata ni Fintan peke yake. Dympna akamsukumia zile kete nne. Hakuweza kuzikataa; sheria haina mahali pa kukataa. Mkono wa mwisho, kete ile moja ikawekwa. Fintan akatupa karata zake ili asiipate yeye, ikaenda kwa Zdenka, na kibati kikabaki peke yake juu ya kitambaa cha kijani.

"Kiti kimetoka," Dympna akasema, kwa sababu lazima mtu aseme. "Mlango umefunguliwa."

Zdenka hakusherehekea. Aliinuka, akaukata uzi kwa meno, akapanda kwenye kigoda na kukitundika kibati cha Ante. Kengele tatu. Mwalimu akatundika. Ndugu wawili wakatundika, kisha kijana wa posta. Kila mara kengele tatu, taratibu, kama inavyotakiwa watu wanapopandishwa. Simu ikaanza kulia katikati ya kengele za Lyle, na Dympna akaipokea mkono mmoja ungali kwenye kamba.

Alisikiliza. Akaiachia kamba.

"Hawakufika naye juu, hospitali," akasema. "Kwenye kona ya kanisa la Mtakatifu Brendani."

Lyle akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. "Nitamchukua mwenyewe. Alikuwa na nani?"

Dympna alikuwa amempa Fintan mgongo. "Peke yake."

Kisha akageuka, akakichukua kibati cha Toivo mezani, akakinyoosha mbele. "Kitundike, Fintan. Leo nafumba macho. Nani atakataa hapa?" Hakuna aliyekataa. Hata Zdenka alisogea kumpisha.

Fintan alikipokea, akapanda kigoda. Kibati kilikuwa na joto la mkono wa Dympna. Akatafuta msumari mtupu, akaupata, akainua mkono, na mkono ukakaa hewani kama ule wa mtu aliyesahau alichotaka kabatini. Mwenye kibati hakufika. Alifikishwa mpaka kizingitini akafugwa pale. Akikitundika sasa, Fintan atakuwa amefuta hesabu kwa mkono uleule ulioiandika.

Akashusha mkono. Akatafuta kibati chake mwenyewe safu ya juu, kile cha zamani chenye kutu ya kijani pembeni, akakichomoa kwenye msumari wake kama mtu anayerudi shimoni, akavitia vyote viwili mfukoni. Akachukua koti, na kigari chenye mtungi mtupu, akatoka.

Mashindano yaliendelea bila yeye. Na nawaambieni, maana walioona wako hai, lundo lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba kiti chake kitupu kiliwashinda watu watano waliokuwa na macho na mikono, kikashika nafasi ya pili. Dympna alimwekea zawadi yake kwenye mtungi wa matango. Hakuja kuichukua, na tangu usiku ule hakuna aliyemwona. Pai zilitolewa, zikawekwa mezani, watu wakautazama ubao, wakauona msumari mtupu pale ambapo hapakuwa na utupu kwa miaka mingi, na hakuna aliyeketi kula.

Fintan alipanda mlima kwa miguu, gari akaliacha. Alipofika nyumbani mtungi wa akiba ulikuwa barazani palepale, umevaa kofia ya theluji. Akaipangusa kwa kiganja. Mshale ulikuwa juu kabisa.

Akakaa kando yake kwenye ubao wa barafu, akaufungua, ukapiga filimbi mpaka ukaisha. Baridi ile haikuruhusu sauti kwenda mbali. Majirani wanasema waliisikia Jumanne, jua lilipochomoza: filimbi ndefu, nyembamba, inatoka kwenye nyumba isiyo na mtu.